Jezi ya Dobrin: Nguo Imepatikana, Kijitabu Bado

Jezi ya kumbukumbu ya mwanasoka Nicolae Dobrin niliinunua katika duka dogo la vifaa vya michezo mjini Pitești, Romania. Nimeivaa, nimeifua na kuipiga pasi kiasi cha kutosha kuizungumzia kwa uhakika. Si bidhaa rasmi ya klabu ya FC Argeș. Ni kazi ya mafundi wa duka lenyewe, nayo inauzwa ndani ya boksi la karatasi ngumu pamoja na kijitabu chembamba kinachosimulia maisha ya mchezaji huyo kwa Kiromania na Kiingereza. Nguo naisifu karibu bila masharti. Kijitabu kimechapwa vizuri na lugha yake ni safi, lakini kinamsimulia Dobrin kwa namna inayompunja, na kwa kuwa mnunuzi analipia vyote viwili kwa bei moja, ni haki vyote viwili vipimwe.

Nianze na nguo. Kitambaa ni pamba nzito, isiyong'aa na isiyovutika, ya aina iliyokuwa ikivaliwa viwanjani kabla nyuzi za plastiki hazijaingia katika jezi. Rangi ni nyeupe, na kola pamoja na vikofi vya mikono ni vya zambarau, kwa kuwa hizo ndizo rangi za FC Argeș na ndiyo sababu timu hiyo hadi leo huitwa kwa rangi zake, weupe na zambarau. Namba 10 mgongoni haikupigwa chapa kwa moto kama jezi za siku hizi. Imekatwa katika kitambaa kizito cha zambarau na kushonewa juu ya jezi kwa cherehani. Ukiigeuza jezi ndani nje utaona mshono uliofuata ukingo wa namba kwa hatua fupi zinazolingana, na katika kona za tarakimu 1 fundi amerudia mshono mara ya pili ili pembe zisifumuke. Hakuna uzi unaoning'inia. Kola imeshonwa kwa kitambaa cha mbavumbavu kinachorudi mahali pake kila baada ya kuvutwa, jambo ambalo jezi nyingi za kumbukumbu hushindwa baada ya kufuliwa kidogo tu.

Kilichonifurahisha zaidi ni vitu ambavyo havipo. Hakuna jina la mdhamini kifuani, na hakuna jina la mchezaji juu ya namba. Huo ni uaminifu kwa historia, na mafundi wanastahili pongezi kwa kuuzingatia, kwani wakati wa Dobrin wachezaji wa ligi ya Romania walivaa namba 1 hadi 11 kulingana na nafasi ya siku hiyo, na mtazamaji alimtambua mtu kwa mwendo wake, kwa umbo lake na kwa namna alivyoupokea mpira. Duka lina huduma ya kuongeza jina DOBRIN mgongoni kwa malipo ya ziada, na wateja wengi nilioonana nao pale waliichukua. Mimi nawashauri wasiichukue. Pesa hizo hazinunui chochote ila kuiondoa jezi katika wakati wake, na herufi zenyewe, tofauti na namba, zimebandikwa kwa moto, hivyo zitaanza kubanduka wakati namba ingali imara.

Kwa msomaji ambaye jina la Dobrin ni geni kwake, inafaa kueleza ni kwa nini mji mzima unashona nguo kwa kumbukumbu ya mtu mmoja. Nicolae Dobrin alizaliwa Pitești tarehe 26 Agosti 1947, akafia Pitești tarehe 26 Oktoba 2007 akiwa na miaka 60, na kati ya tarehe hizo mbili alikuwa mchezaji mkubwa kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya klabu ya mji huo. Alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ya Romania, iliyoitwa Divizia A, mwaka 1962, hata miaka 15 hajatimiza. Wakati huo klabu iliitwa Dinamo Pitești, jina ililoanzishwa nalo mwaka 1953, na mwaka 1967 ndipo ilipochukua jina la FC Argeș kutokana na mkoa na mto wa eneo hilo. Dobrin alikuwa kiungo mchezeshaji asiyekimbia ovyo: aliutuliza mpira, akainua kichwa, akampiga chenga aliyemkaribia, na kama beki aliacha nafasi kati ya miguu yake, alipigwa tobo mbele ya uwanja mzima. Watu wa Pitești walimpa majina mawili, Gâscanul, yaani bata bukini dume, na Mwanamfalme wa Trivale, Trivale ikiwa ni eneo la mji lenye msitu ambako uwanja wa klabu ulijengwa, uwanja ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Alichaguliwa mwanasoka bora wa mwaka wa Romania mara tatu, 1966, 1967 na 1971, na katika Divizia A alicheza mechi 409 akafunga mabao 111, hesabu ambayo kwa kiungo ni kubwa mno.

Hayo yote yamo ndani ya kijitabu, na yamepangwa vizuri. Tatizo linaanza mwandishi anapofika mwaka 1972. Kuanzia hapo, karibu nusu ya kurasa zilizobaki zinaihusu Real Madrid, na Dobrin anageuka kuwa mtu ambaye maisha yake yalikuwa safari iliyokatizwa. Matukio yenyewe ni ya kweli na yana uzito wake. FC Argeș ilitwaa ubingwa wa Romania kwa mara ya kwanza katika msimu wa 1971–72, ikaingia Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, na katika raundi ya pili ikapangwa na Real Madrid. Mechi ya kwanza ilichezwa Pitești mwezi Oktoba 1972, na timu ya mji wa viwanda, yenye wachezaji ambao nje ya Romania walijulikana na wachache sana, ikashinda 2–1, Dobrin akiwa mmoja wa wafungaji. Kule Madrid ilifungwa 3–1 ikatolewa, lakini Wahispania walikuwa wamekwisha kuona walichokiona. Rais wa Real Madrid, Santiago Bernabéu, alimtaka Dobrin, na katika mechi ya kumuaga Francisco Gento, mchezaji mkongwe wa Real Madrid, mwezi Desemba mwaka huohuo Dobrin alivaa jezi nyeupe ya Madrid kama mgeni mwalikwa. Uhamisho haukuwezekana. Romania ya Nicolae Ceaușescu, mtawala wa kikomunisti, haikuwaruhusu wachezaji wake wakubwa kwenda kucheza katika nchi za magharibi, na jibu kwa Real Madrid lilikuwa hapana.

Siwezi kumlaumu mwandishi kwa kulisimulia jambo hilo. Ninachopinga ni uzito aliolipa. Kuna picha kubwa ya kurasa mbili za katikati inayomwonyesha Dobrin katika mazingira ya Madrid, na chini yake maandishi yanayomwalika msomaji awaze angekuwa nani kama angeruhusiwa kuondoka. Mtu anayenunua jezi ya FC Argeș, nyeupe yenye kola ya zambarau, amekwisha kujibu swali hilo kwa pesa zake. Anataka kujua Dobrin alikuwa nani, na alichokifanya kwa mji wake katika miaka zaidi ya 20 aliyovaa nguo hiyo.

Miaka iliyofuata 1972 ndiyo inayobeba utajiri wa maisha yake. Kati ya ubingwa wa kwanza na wa pili ilipita miaka saba, na katika miaka hiyo Dobrin alivuka umri wa miaka 30, umri ambao kiungo wa aina yake huanza kuambiwa kwamba mchezo umekuwa wa kasi kuliko yeye. Msimu wa 1978–79, chini ya kocha Florin Halagian, FC Argeș iliwania ubingwa na Dinamo București hadi siku ya mwisho, na ratiba ikataka timu hizo mbili zikutane siku hiyo, tena nyumbani kwa Dinamo, jijini Bucharest. Mechi iliisha 4–3 kwa FC Argeș. Bao la nne lilifungwa katika dakika za lala salama, na aliyelifunga ni Dobrin. Tafakari jinsi mambo hayo yalivyokutana: mchezaji wa miaka 31, kijana wa mji uleule, katika mechi ya mwisho ya ligi, ugenini, dhidi ya mpinzani pekee aliyebaki, anafunga bao la ushindi na ubingwa unakwenda Pitești kwa mara ya pili. Mpaka leo klabu haijapata wa tatu. Kijitabu kinalipa tukio hilo sentensi moja, iliyobanwa chini ya ukurasa, baada ya aya ndefu kuhusu Uwanja wa Santiago Bernabéu.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi nikitafuta sababu ya ufupi wake, na naona ni mazoea tu ya kumpima mchezaji kwa klabu kubwa zilizomtaka. Kipimo hicho hakimfai Dobrin. Kama tunataka kupima mapenzi yake kwa klabu yake, Madrid haiwezi kutusaidia, kwa sababu mlango wa kwenda Madrid ulifungwa na serikali na yeye hakuulizwa. Mlango uliokuwa wazi ni wa Bucharest. Steaua ilikuwa timu ya jeshi na Dinamo București ilikuwa timu ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kwa nguvu hizo zilikusanya wachezaji bora wa nchi nzima, wengine kwa ahadi ya maisha mazuri na wengine kwa njia ya utumishi wa jeshi. Pitești haiko mbali na Bucharest. Barabara kuu ya magari ya kwanza ya Romania, iliyofunguliwa mwaka 1972, inaunganisha miji hiyo miwili. Njia ilikuwepo, iliyonyooka, na wengi waliifuata. Dobrin alibaki Trivale, na alipokwenda Bucharest siku ile ya 1979 alikwenda kuchukua ubingwa na kurudi nao. Hapo ndipo mwandishi angepaswa kuweka zile kurasa mbili za katikati.

Kuna ukurasa mmoja ambao kijitabu kimeupatia kabisa, nao ni wa Kombe la Dunia la 1970 nchini Mexico. Romania ilipangwa na Uingereza, Brazil na Czechoslovakia, ikafungwa 1–0 na Uingereza, ikaifunga Czechoslovakia 2–1, ikafungwa 3–2 na Brazil ya Pelé, na katika mechi zote tatu kocha Angelo Niculescu hakumpa Dobrin hata dakika moja. Mashabiki wa Pitești bado wanalizungumzia jambo hilo kwa uchungu. Mwandishi wa kijitabu ameliandika kwa utulivu: ametaja matokeo, ametaja kwamba Dobrin alikuwa benchi, kisha akaendelea na safari yake ya timu ya taifa, aliyoichezea mechi 48 na kuifungia mabao 6, ya mwisho ikiwa mwaka 1980. Hakuongeza kilio wala shutuma. Utulivu huohuo angeutumia katika habari za Madrid, kijitabu chote kingekuwa na sura nyingine.

Kasoro nyingine ni ya kuficha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akielekea kutundika daluga, Dobrin alicheza kwa kipindi kifupi Târgoviște, mji jirani, kisha akarudi. Kijitabu hakilitaji jambo hilo popote, na katika ukurasa wa mwisho kimeandika kwamba hakuwahi kuvaa rangi nyingine katika ligi. Sioni faida ya kuficha. Kipindi hicho kifupi hakimpunguzii chochote mtu aliyeanza akiwa na miaka 14 na kukaa miongo miwili, na shabiki atakayekuja kukisoma kwingine ataanza kutilia shaka hata yale ambayo kijitabu kimeyasema kwa usahihi. Tena kurudi kwake kunathibitisha jambo lilelile ambalo mwandishi alitaka kulithibitisha kwa kunyamaza.

Ningependa pia kuona zaidi kuhusu usiku wa Ulaya ambao haukuhusu Madrid. Katikati ya miaka ya 1960, Dinamo Pitești iliwatoa Sevilla ya Hispania na Toulouse ya Ufaransa katika Kombe la Maonyesho, mashindano ya klabu za Ulaya ya enzi hizo, wakati Dobrin hajafika hata miaka 20. Baada ya ubingwa wa 1979 FC Argeș iliitoa AEK ya Athens, kisha ikatolewa na Nottingham Forest, ambayo msimu huo ilikwenda kutetea ubingwa wake wa Ulaya na kufanikiwa. Hii ni zaidi ya muongo mmoja wa mji mmoja wa kati kushindana na klabu za nchi tajiri, na mtu yuleyule akiwa katikati ya uwanja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika kijitabu, AEK na Forest zinapatikana katika jedwali la nyuma tu, na Sevilla haimo kabisa.

Nirudi kwenye jezi kama nguo ya kuvaliwa. Vipimo vyake ni vya zamani pia: mabega ni membamba, kiwiliwili ni kifupi na mikono inabana kidogo juu ya kiwiko. Anayevaa saizi ya kati achukue kubwa, na mwenye kifua kipana apande saizi mbili. Duka halielezi jambo hili mahali popote, na nguo ikishatolewa ndani ya boksi muuzaji huwa mgumu kuibadilisha. Mimi nilibadilishiwa baada ya majadiliano marefu, kwa sharti la kulipa tofauti ndogo ambayo sikuona sababu yake. Kwa hiyo ni vizuri kuijaribu palepale kabla ya kulipa, na chumba cha kujaribia kipo nyuma ya kaunta ingawa hakina alama yoyote. Bei yake kwa lei, fedha ya Romania, iko juu kidogo ya jezi ya kawaida ya msimu. Kwa ubora wa pamba na mshono naiona ni bei ya haki, ilimradi mtu asiongeze zile herufi.

Ufuaji unahitaji uangalifu. Zambarau ya kola ilichuja katika maji ya kwanza ya uvuguvugu, na kivuli cha rangi kikabaki shingoni kwenye sehemu nyeupe, umbali wa kidole kimoja kutoka kwenye mshono. Kiliondoka baada ya kuiloweka katika maji baridi yenye chumvi, lakini kwa nguo ya bei hii mafundi wangepaswa kuifua rangi kabla ya kuishona, au angalau kuweka onyo kwenye lebo. Lebo iliyopo inataja pamba na saizi tu. Baada ya hapo, kwa maji baridi na bila kuikamua kwa nguvu, rangi imetulia, nyeupe imebaki nyeupe, na namba haijajikunja hata kwenye pembe. Pasi ipigwe upande wa ndani.

Kuhusu huduma, muuzaji wa zamu siku niliponunua alikuwa mzee anayemjua Dobrin kwa macho yake, na alinieleza mengi kuliko kijitabu chote. Alisimama mbele ya kaunta akanionyesha jinsi mchezaji huyo alivyokuwa akisimamisha mpira kwa nje ya mguu huku akitazama upande mwingine, kisha akaendelea kukunja jezi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimuuliza kuhusu Madrid, akajibu kwa sentensi moja, kisha akazungumza kwa muda mrefu kuhusu 1979, nani alifunga bao gani na watu walivyorudi nyumbani usiku ule. Vijana wanaouza siku nyingine ni waungwana na wepesi, ila maelezo yao yanatoka katika kijitabu kilekile.

Ombi langu kwa mafundi wa duka ni kwamba, watakapochapa toleo jingine la kijitabu, wamkalishe mzee huyo karibu na mwandishi, waondoe ile picha ya katikati, na wailete Dinamo 3, FC Argeș 4 mahali pake. Târgoviște itajwe kwa sentensi mbili za wazi. Jezi yenyewe wasiiguse, isipokuwa waifue zambarau kwanza na waandike kwenye lebo kwamba saizi ni ndogo.